Safari ya Sahani ya Mwenda

Katika miji yetu ya Katanga kijana mwenye telefoni aweza leo kusikiliza gitaa la Mwenda Jean Bosco saa yoyote apendayo. Hugusa kioo kwa kidole, na ule wimbo uitwao Masanga waanza. Haulizi umetoka wapi. Lakini kabla ya kufika mkononi mwake wimbo huo umevuka mipaka, umekaa miaka mingi katika nchi ya mbali, tena umebadilishwa mwili mara kadhaa: utepe, sahani, sahani ya namna nyingine, na mwisho hesabu tupu za kompyuta. Safari hiyo yafaa kuandikwa, maana nyimbo nyingi za zamani zatembea sasa bila jina la mwimbaji wala la mahali zilipoimbwa.

Kunasa sauti si kazi ya kale sana. Mwaka wa 1877, huko Marekani, Thomas Edison alizungusha pipa dogo lililofunikwa karatasi ya bati, akasema karibu nalo, na sindano ikachora mtetemo wa sauti yake. Bati lile liliharibika upesi. Miaka 10 baadaye Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akaleta sahani bapa. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa sahani moja mama iliweza kuzaa nyingine nyingi kwa kugandamizwa. Baadaye zilifanywa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa India na nchi jirani, pamoja na unga wa mawe. Zilikuwa nyeusi na nzito, na zikianguka sakafuni zavunjika kama chungu. Kinanda chenyewe hakikuhitaji umeme: mtu alizungusha mkono wake, na kamani ya chuma ikaendesha sahani mara 78 kwa dakika.

Upande mmoja wa sahani ya kawaida ulibeba dakika 3 hivi, basi. Mtu ajuaye ngoma za kwetu atacheka. Wimbo wa kuchezwa tangu jua kuchwa hata majogoo, umepewa dakika tatu! Ndiyo sababu nyimbo za sahani zina mwanzo wa haraka na mwisho wa ghafula. Wengine wadhani wazee waliimba hivyo kwa kupenda kwao, kumbe ni kipimo cha shelaki.

Sasa tuje kwetu. Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mwaka wa 1903. Alipokuwa kijana alikwenda Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku pamoja na ndugu yake, na huko shambani akajifunza nyimbo za watu waliofanya kazi naye. Tangu hapo hakuziacha. Alizunguka nchi nyingi za Afrika na gari la mitambo, akashika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa chombo, kisha kwa wenye kuitikia. Mwaka wa 1952 alifika Kongo, na katika mji wa Jadotville, tunaouita sasa Likasi, akamkuta Mwenda.

Mwenda alikuwa mtu wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka wa 1930. Alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Gumba lashika nyuzi nene na kutembea kwa utaratibu, hali kidole cha pili chaimba juu yake kana kwamba ni mtu mwingine. Asikiaye mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Wimbo wa Masanga ulitolewa katika sahani za Gallotone, za kampuni moja ya Afrika ya Kusini, ukasikika mbali sana kuliko Katanga. Mwenda mwenyewe alipata kukaa Nairobi, na mwaka wa 1969 alipiga gitaa lake Newport, Marekani. Mapema zaidi, mwaka wa 1961 na 1962, David Rycroft alikuwa ameandika uchambuzi mrefu wa upigaji huo katika jarida la African Music, noti kwa noti, kama watu wa Ulaya wachambuavyo muziki wa mabwana wao wakubwa. Alistahili.

Lakini tepu zenyewe hazikukaa Katanga. Tracey aliunda maktaba ya muziki wa Afrika mwaka wa 1954 huko Roodepoort. Alipokufa mwaka wa 1977 mwanawe Andrew akaiendeleza, na mwaka wa 1978 ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mji ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Vivyo hivyo sauti zilizonaswa katika nta na msafara wa Hutereau kule Uele, kabla ya vita ya 1914, zimo Tervuren, Ubelgiji. Hatuwezi kusema kwamba walinzi hao walifanya kazi mbaya. Kama sahani zingebaki kwetu peke yake, joto, vita na kuhamahama zingezimaliza. Hata hivyo ni neno gumu kwamba mjukuu alihitaji pasipoti ili asikie sauti ya babu yake.

Kompyuta imefungua mlango huo. Mapema karne hii Michael Baird wa Utrecht, Uholanzi, alitoa upya nyimbo nyingi za Tracey, zikiwamo za wapiga gitaa wa Kongo ya kusini. Maktaba ya Grahamstown nayo imeweka sehemu ya hazina yake katika intaneti. Huko Marekani, Internet Archive imekusanya zaidi ya sahani 400,000 za mzunguko wa 78. Makampuni makubwa ya muziki yaliishtaki mwaka wa 2023, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka wa 2025.

Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, watoka Kenya. Mwaka wa 1950, huko Kapkatet, Tracey aliwanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekufa mwaka wa 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika hata huko. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba Chemirocha alidhaniwa kuwa nusu mtu, nusu swala. Zaidi ya miaka 60 baadaye watu wa maktaba na wenzao wa Kenya walirudisha nyimbo hizo kijijini, wakamkuta mzee aliyekuwa miongoni mwa walionaswa. Waliwezaje kumpata? Kwa sababu Tracey aliandika: kijiji, kabila, majina, chombo, mwaka. Nyimbo bila daftari zingekuwa kelele nzuri tu.

Ndipo nawaambia vijana wanaorushiana nyimbo za kale kwa telefoni: mnapokata jina na kuandika «wimbo wa 3», mnavunja daraja lile lile lililowafikisha watu Kapkatet. Mwenda alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka wa 1990. Hawezi tena kuja kusema, huu ni wangu.

Na ikiwa nyumbani kwenu sahani nyeusi ya zamani ingaliko, msiifute kwa spiriti wala pombe, kwa kuwa shelaki huyeyuka humo. Kitambaa laini chenye maji kidogo chatosha, na karatasi ya katikati isiloe. Isimamisheni wima, msizirundike. Kisha nakilini yote yaliyo kwenye karatasi, hata yaliyoandikwa vibaya, pamoja na nambari iliyochorwa katika sehemu tupu inayozunguka karatasi hiyo. Nambari hiyo ni alama ya kiwanda, na kwa hiyo mtunza maktaba aweza kutambua sahani hata karatasi yake ikiwa imeliwa na mende.