Mwizi wa Usiku Mbele ya Baraza

Mtu mwema akifika nyumbani kwa mwenzake hupiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Anayeingia usiku kwa kuvunja mlango havunji kufuli tu. Avunja amani ya watu walalao. Ndiyo maana tangu kale sheria humtazama mwizi wa namna hii kwa jicho kali. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, yamtenga mwizi akutwaye akivunja nyumba usiku na yule akutwaye jua limekwisha kucha.

Lakini kosa likiwa zito, yafaa tuwe waangalifu zaidi kabla ya kusema: Ndiye huyu. Tutazame jinsi jambo hili lilivyokwenda katika nchi yetu, tukianzia Luena.

Kabla ya gari la moshi, mashitaka ya wizi yalipelekwa mbele ya chifu na wazee. Kila mtu alimjua jirani yake, na mara nyingi wazee walitafuta fidia na mapatano. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za Kongo palikuwa na desturi mbaya: mshitakiwa alinyweshwa dawa ya mwavi. Akitapika, hana kosa. Akianguka, ndiye mwenye kosa. Dawa ilikuwa ndiyo shahidi, na ndiyo hakimu pia.

Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, nayo yapita Luena. Katika miaka ya 1920 makaa ya mawe ya Luena yakaanza kuchimbwa, na watu wa makabila mbalimbali wakaja kutafuta kazi. Wakakaa safu kwa safu, mgeni kando ya mgeni, na kila mlango ukahitaji kufuli. Kitu kikipotea, nani ashukiwe? Mara nyingi ni yule aliyekuja jana, asiye na ndugu wa kumsemea.

Kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926, serikali ya Wabeljiji ilipanga mabaraza ya wenyeji yaliyohukumu kwa desturi. Kisha ikaja Sheria ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940. Hiyo yakataza mtu kujaribiwa kwa mateso ya kishirikina ili ijulikane kama ana kosa. Sheria hiyo, ingawa imerekebishwa mara nyingi, inatumika hata sasa.

Basi, yasemaje juu ya wizi? Kifungu cha 79 chaeleza kwamba mwizi ni mtu aliyetwaa kwa hila kitu kisicho chake. Wizi wa kawaida adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5. Lakini kifungu cha 81 chaongeza adhabu hata miaka 10 kama mwizi alivunja, alipanda ukuta, au alitumia funguo za uongo. Au kama aliiba usiku katika nyumba ikaliwayo. Akitumia nguvu au vitisho, kifungu cha 82 chataja miaka 5 hata 20. Na tangu mwaka 1968, wizi wa kutumia silaha umewekewa adhabu ya kifo.

Kwa hiyo anayemtetea mshitakiwa aulize neno moja moja. Je, kitu kilitwaliwa kweli? Kama hakikutwaliwa, huenda ni jaribio la wizi, ambalo nalo laadhibiwa, au ni kosa la kuingia nyumba ya mtu. Lakini hilo lathibitishwa kwa namna yake. Je, alikitwaa kwa hila, au alidhani ni chake? Je, mlango ulivunjwa, au ulikuwa wazi? Ilikuwa usiku? Maswali haya si ujanja. Kuvunja na usiku visipothibitishwa, wabaki wizi wa kawaida, na kesi yaweza kuhukumiwa na Mahakama ya Amani badala ya Mahakama Kuu ya wilaya.

Na swali kubwa kuliko yote: ni yeye kweli? Wasomaji waikumbuka habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Danieli aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: Ni chini ya mti gani? Majibu hayakupatana, na mama asiye na kosa akaokoka. Vivyo hivyo shahidi aulizwe: ulimwona kwa mwanga gani? Alikuwa mbali kiasi gani? Ulimjua zamani? Mtu akikutwa na redio iliyoibwa, huenda aliinunua sokoni. Hilo latosha kumhoji, halitoshi peke yake kumwita mvunja nyumba.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yatupa ngao. Mshitakiwa ahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Akikamatwa, aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na apashe habari jamaa zake au wakili wake. Polisi wasimshike zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mkubwa wa sheria mwenye haki hiyo, au kumwachilia. Wakili aweza kuwapo tangu mahojiano ya polisi. Tena, hakuna anayekamatwa kwa kosa la mwingine: kijana akikimbia, baba yake asifungwe badala yake.

Twashauri pia: usitie sahihi karatasi ya polisi kabla haijasomwa ukaielewa. Waite mapema walioonana nawe usiku ule, kwa maana kumbukumbu husahaulika. Ukihukumiwa mbele ya baraza, siku za kukata rufani ni 10 tu.

Twajua uchungu wa mama anayeamka na kukuta sufuria na nguo za watoto zimekwenda. Astahili haki. Lakini kelele ya "Mwizi!" ikipigwa usiku, watu wakaokota mawe, twarudi kwenye mwavi. Akikamatwa mtu, tumpeleke polisi akiwa mzima. Kama ndiye, baraza litamwona. Kama siye, mwizi bado anatembea, nasi tungalimwua jirani yetu.