Uchanganuzi si somo la pembeni: Wajir na Garissa zina la kutufunza

NILIPOANZA kufundisha chuo kikuu, zaidi ya miaka 30 iliyopita, nilikabidhiwa kozi ya pamoja ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilazimika kuisoma. Ukumbi ulijaa pomoni: wa ualimu, wa biashara, wa sayansi, wa kilimo. Nikawafundisha aina za hoja na makosa ya kimantiki. Siku moja kijana wa sayansi akainua mkono: “Mwalimu, hii itatoka kwa mtihani ama ni ya kujua tu?” Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Mtihani ulipofika, kijana huyo aliorodhesha makosa yote bila kuacha hata moja. Muhula uliofuata mwenzangu wa maabara alinieleza kwamba kijana yuyo huyo aliandika matokeo aliyotarajiwa kuyapata, wala si yale aliyoyaona. Ndipo nilipoacha kucheka. Nilikuwa nimemfundisha majina ya kufikiri. Kufikiri kwenyewe sikuwa nimemfundisha.

Je, stadi za uchanganuzi zifunzwe kama somo moja kwa wote, au kila shahada izifunze kwa namna yake? Mjadala huu ni mkongwe. Mnamo 1962, Robert Ennis wa Marekani alitetea wazo kwamba fikra tunduizi ina stadi za jumla zinazoweza kutajwa na kufunzwa. Mwaka wa 1981, John McPeck wa Kanada akampinga: mtu hafikirii tu hivi hivi, hufikiria kuhusu jambo fulani, na ushahidi unaokubalika katika fizikia si ule unaokubalika katika historia.

Mwaka uo huo wa 1981, Mkanada mwingine, Colin Mackay, aliongoza jopo lililopendekeza Kenya iwe na chuo kikuu cha pili na mfumo wa 8-4-4. Chuo Kikuu cha Moi kikazaliwa 1984, na 8-4-4 ikaanza 1985. Idadi ya wanafunzi vyuoni ikapanda na kumbi zikafurika. Kozi ya pamoja ikawa njia rahisi ya kuwafikia wengi kwa mhadhiri mmoja. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, tulimfuata Ennis kwa sababu ya uhaba wa viti. Hoja zake hazikuwa zimetushawishi.

Lakini jibu ambalo nimelipenda zaidi sikulipata Marekani wala Kanada. Nililipata Kaskazini Mashariki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wajir ilikumbwa na ukame, kisha mapigano ya koo. Chuki iliingia hadi sokoni, ambako wanawake wa koo tofauti walikataa kuuziana bidhaa. Kikundi kidogo cha wanawake, akiwemo mwalimu aliyeitwa Dekha Ibrahim Abdi, kikaanza kwa kuhakikisha kwamba soko liko wazi kwa kila mama. Wazee wakafuata, na 1993 wakatia saini Azimio la Al Fatah. Kufikia 1995, Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir ilikuwa ikifanya kazi pamoja na utawala wa wilaya.

Kinachonivutia mimi kama mwalimu ni kilichofuata. Dekha hakuridhika na kusimulia yaliyotokea. Mwaka wa 2000, yeye na wenzake watano walichapisha kitabu cha Kiingereza, Working with Conflict, kinachofunza watu wa kawaida kuchanganua mgogoro. Mna humo mti: shina ni tatizo lenyewe, mizizi ni visababishi, matawi ni athari. Mna pia kitunguu: ganda la nje ni yale watu wanayoyadai hadharani, la kati ni maslahi yao, na kiini ni mahitaji yao halisi. Mnamo 2007 alituzwa Right Livelihood Award. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Tazama, msomaji wangu, jinsi mti huo unavyoweza kupandwa katika kila shahada. Mwanafunzi wa biashara mjini Garissa, penye mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika eneo hili, aulizwe: mbona bei ya ng’ombe huporomoka wakati wa ukame? Wavivu watajibu kwamba madalali ni wezi. Akichimba mizizi ataona kwamba wafugaji wengi huuza kwa wakati mmoja, mifugo imekonda, na nafaka wanayohitaji kununua imepanda bei.

Mwanafunzi wa historia naye apewe mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Kwa miaka mingi serikali ilisema waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilionyesha kwamba idadi hiyo huenda ilikaribia 1,000. Nani alihesabu? Alihesabu lini? Nani hakuulizwa? Huo ndio uchanganuzi, na hapa mti peke yake hautoshi. Mwanahistoria hupima mashahidi. Mwanabiashara hupima bei. Chombo ni kimoja ila mizani ni tofauti. Kwa hivyo Ennis na McPeck wote wawili wana sehemu ya haki.

Na si jambo geni huko. Wasomali wamekuwa na xeer, sheria ya jadi, ambapo wazee huketi chini ya mti na kusikiliza pande zote kabla ya kuamua. Hapa Nairobi, marehemu Prof Henry Odera Oruka alitumia maisha yake kuonyesha kwamba wahenga wetu walikuwa wakichanganua na kuhoji mambo, wala hawakuwa wakikariri mila tu.

Chuo cha Garissa kilianza 2011 kama tawi la Moi. Aprili 2, 2015, magaidi waliwaua watu 148 pale, 142 wakiwa wanafunzi. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Baada ya mkasa ule, nilisikia watu wenye digrii wakilaumu jamii nzima kwa dhambi ya wachache. Walikuwa wamefaulu mitihani yetu. Hakuna aliyewafunza kutenganisha mizizi na matawi.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, wanaofunzwa uwazaji kina, wanatarajiwa vyuoni 2029. Pendekezo langu ni dogo. Kozi ya pamoja ibaki, lakini iwe fupi. Kisha kila idara itenge angalau zoezi moja kila muhula ambapo mwanafunzi anapewa tatizo halisi la mahali alipo, na anatuzwa alama kwa njia aliyoifuata hata kama jibu lake si letu.

Yule kijana wa sayansi sasa ni mtu mzima. Ningekutana naye leo, ningemjibu: ndiyo, itatoka kwa mtihani, ila si ule wa chuoni.