Tundu la Moshi: Hoja ya Kupanua Ushirikiano wa Makumbusho ya Wazi ya Akiolojia

Makumbusho ya wazi ya akiolojia hayahifadhi majengo ya kale, hujenga mapya. Mchimbaji hukuta mashimo ya nguzo, udongo ulioungua na majivu ya jiko. Kuta na paa hutoka katika fikra za mtaalamu. Kwa hiyo kila nyumba inayosimamishwa pale ni dai la kitaaluma, na dai huhitaji mkaguzi asiyekuwa na maslahi nalo.

Mkaguzi huyo alipokosekana, madhara yalikuwa makubwa. Huko Unteruhldingen, Ujerumani, nyumba za kwanza juu ya nguzo zilijengwa ziwani mwaka 1922. Wanazi walipotawala, makumbusho yakageuzwa chombo cha propaganda yao. Biskupin, makazi ya mbao yaliyogunduliwa Poland mwaka 1933, yalitumiwa na Wapoland kuonyesha ukale wa taifa lao. Wanazi walipoivamia nchi, wakaleta wachimbaji wao kuthibitisha kinyume chake, kwa magogo yaleyale.

Ndiyo maana kuundwa kwa EXARC, mtandao wa makumbusho haya, mwaka 2001, na baadaye mradi wa OpenArch uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ni hatua ya kupongezwa. Mafundi na watafiti wa nchi mbalimbali sasa hukaguliana kazi. Hata hivyo, wanachama wengi wa mtandao huo wako Ulaya, na hilo si suala la uwakilishi tu. Ni upungufu wa maarifa.

Chukua mfano wa moshi. Kwa muda mrefu nyumba za mviringo za Uingereza ya kale zilichorwa zikiwa na tundu kileleni. Katika shamba la majaribio la Butser, Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1972, mwanaakiolojia Peter Reynolds alionyesha kwamba tundu hilo ni hatari: huvuta hewa, moto ukapanda na cheche zikafika kwenye nyasi. Bila tundu, moshi hujikusanya juu na kupenya polepole katika nyasi za paa. Ni ugunduzi wa thamani. Lakini aliyekulia katika msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi ya Wahaya wa Kagera, Tanzania, angesema hayo bila jaribio, na angeongeza kwamba moshi huohuo huweka masizi kwenye mapao na kufukuza wadudu waharibifu.

Sidai kwamba msonge wa Kagera unathibitisha chochote kuhusu Uingereza ya miaka 2,300 iliyopita. Hali ya hewa ni tofauti, miti ni tofauti. Unachoweza kutoa ni maswali bora: paa huanza kuvuja wapi, nguzo ipi huoza kwanza, nani huezeka upya na baada ya misimu mingapi. Majibu yapo kwa mafundi walio hai, na Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kina nyumba za jadi za kuanzia mazungumzo hayo.

Mitandao kama EXARC iwaalike mafundi hao kama watafiti, majina yao yaandikwe kwenye ripoti, na nyumba zilizoanguka zichapishwe sawa na zilizosimama.