Wanawake wa Uganda katika kriketi: kutoka Nairobi hadi Abu Dhabi

Kwetu Masisi na Walikale, ukisema mpira, kila mtu anaelewa kabumbu. Lakini wenye ndugu kule Nakivale ao Kyangwali pengine walishasikia jina la kriketi, na wakajiuliza ni mchezo gani.

Ni ekipe mbili za watu 11. Mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu. Mpinzani anaupiga na ubao, kisha anakimbia ili kupata pointi. Nyuma yake kuna vijiti vitatu: mpira ukiviangusha, anatoka. Katika mechi fupi kila ekipe inapata mipira 120, na yote inaisha kwa saa tatu hivi.

Ni mchezo ulioletwa na Waingereza, njo maana ulishika Uganda, Kenya na Tanzania. Uganda iliingia peke yake katika shirikisho la dunia mwaka wa 1998. Wanawake walikawia: mwaka wa 2006 walikuwa Nairobi, pamoja na Kenya, Tanzania na Zimbabwe, wakitafuta nafasi ya Afrika kwa mashindano ya mchujo wa Kombe la Dunia. Zimbabwe ilishinda.

Ilibidi kungoja miaka 11. Mwaka wa 2017, huko Windhoek, Uganda ilishika nafasi ya kwanza, na Julai 2018 ikaenda Uholanzi kwenye mchujo wa dunia. Tangu mwezi ule pia, mechi fupi za wanawake kati ya nchi wanachama zote zilianza kuhesabiwa rasmi.

Halafu kuna tarehe 20 Juni 2019, huko Kigali. Uganda ilipata pointi 314 mbele ya Mali. Prosscovia Alako alipata 116, Rita Musamali 103. Mali yote ilitolewa na pointi 10. Siku mbili mbele ya hapo, Rwanda ilikuwa imeitoa na pointi 6! Watu wengi walicheka. Mimi sikucheka: wale mabinti walikuwa wanaanza, na hata hivyo walirudi uwanjani.

Desemba 2023, nyumbani Entebbe, Uganda ilifika fainali ya Afrika. Ilishindwa na Zimbabwe, lakini zote mbili zilipata tiketi ya mchujo wa Abu Dhabi, 2024. Kule nafasi mbili za Kombe la Dunia zilichukuliwa na Sri Lanka na Scotland.

Wengine watasema sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, kriketi haituhusu. Lakini Mali ilikuwa koloni ya Ufaransa, na Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji kama sisi. Januari 2023 mabinti wake wa chini ya miaka 19 walicheza Kombe la Dunia huko Afrika Kusini, wakashinda Zimbabwe. Kongo haimo kati ya wanachama wa shirikisho. Binti wa Kitshanga aliyejifunza mchezo huu ukimbizini, siku akirudi nyumbani, hatakuta ekipe ya taifa ya kumpokea.