MLANGO, BANDARI NA UKUTA: HISTORIA FUPI YA ISTILAHI ZA ULINZI WA MITAMBO

Wafasiri wanaotia Kiswahilini maandishi ya mafundi wa mitambo hukutana na maneno mawili ya Kiingereza ambayo huvutia tafsiri za "bandari" na "ukuta wa moto". Tafsiri zote mbili hupotosha, na historia yaonyesha sababu.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, yaani kanuni za mawasiliano baina ya vidhibiti vya viwandani. Siku hizo vidhibiti viliunganishwa kwa nyaya za kiwanda chenyewe, na aliyetaka kuviamuru kwa kawaida ilimpasa aingie kiwandani kwa miguu yake. Kwa hiyo Modbus haikuwekewa njia ya kumtambua mtoa amri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kanuni hizo zilihamishiwa katika mitandao ya kompyuta na kupewa namba 502, mojawapo ya namba 65,536 zinazotumika kutenganisha mawasiliano ya kompyuta moja. Tangu hapo amri iliyopita hapo iliweza kutiiwa, mtoaji awe fundi au mhalifu.

Kilatini kilikuwa na "portus", yaani bandari, na "porta", yaani lango. Kiingereza huyaandika yote mawili kwa namna moja. Dhana ya kompyuta ni ya lango. Bandarini chombo hutia nanga. Mlangoni mtu hupita au huzuiwa. Fundi akiambiwa afunge bandari 502 atashangaa; akiambiwa afunge mlango 502 atajua la kufanya.

Neno la pili lilitoka kwa waashi, waliojenga ukuta wa kuzuia moto usienee kutoka jengo hadi jengo. Wataalamu wa mitandao waliliazima katika miaka ya 1980. Kwa Kiswahili, "ukuta wa moto" ni ukuta unaowaka, kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa. Tena, chombo hiki hakizuii tu: hufunga milango yote, kisha hufungua ile inayohitajika, kwa wanaoruhusiwa. Hiyo ni kazi ya bawabu.

Jambo hili si la maneno matupu. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wavamizi walioiba majina na maneno ya siri ya watumishi waliingia katika mitambo ya kampuni tatu za umeme kwa njia zilizoachwa wazi kwa kazi za mbali. Wateja wapatao 225,000 walikaa gizani kwa saa kadhaa, na mafundi wakalazimika kwenda vituoni kurudisha umeme kwa mikono. Ukuta usio na bawabu makini haukutosha.

Kwa hiyo twapendekeza "mlango" kwa dhana ya kwanza na "ukuta wa kinga" kwa ya pili, na fasili ya "ukuta wa kinga" itaje wazi kazi ya kuchuja wapitao. Anayesoma mwongozo wa mtambo usiku wa hatari hana nafasi ya kukisia maana. Wasomaji wenye maneno bora zaidi wanaombwa wayalete yajadiliwe.