Kivuko Kilichomo Ndani ya Simu

Ninyi mlioko Kibiti na Bungu, ninyi wa Nyamisati na wa vijiji vya delta, na ninyi wote mnaosikiliza kutoka mbali, karibuni katika somo letu la historia. Viongozi wa vikundi, tafadhali hakikisheni kila mtu ana daftari na kalamu.

Leo nitazungumza juu ya kitu kidogo kilichojificha ndani ya simu ya mkononi. Kitu hicho ni wakala wa mtandao. Vijana hukiita proksi, na katika simu zilizotiwa Kiswahili huandikwa "seva mbadala". Msiyaogope maneno hayo. Tutaanza na jambo mnalolijua, yaani mto wetu.

KIVUKO CHA NDUNDU

Wazee waliopo darasani wanakumbuka kwamba zamani hapakuwa na daraja pale Ndundu. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara alifika ukingoni mwa Rufiji akangoja kivuko. Mvua za masika zilipozidi na mto ukafurika, magari yalikwama na abiria wakalala njiani. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, lenye urefu wa karibu mita 970, na shida hiyo ikaisha.

Sasa mfikirini yule mwendesha kivuko. Mzigo haukuwa wake, wala hakuwa mnunuzi. Hata hivyo kila mzigo ulipita mbele ya macho yake. Alijua nani kavuka, saa ngapi, na anaelekea wapi. Kivuko kilipoharibika, hakuna aliyevuka. Na kama mwendesha kivuko angekuwa mwizi, nani angekuwa na nafasi nzuri ya kuiba kuliko yeye?

Wakala wa mtandao ni kivuko cha namna hiyo. Unapofungua ukurasa, simu yako hupeleka ombi kwa kompyuta iliyo na ukurasa huo, na jibu hukurudia. Lakini palipo na wakala, ombi lako hufika kwanza kwa kompyuta nyingine iliyoko katikati. Kompyuta hiyo huomba ukurasa kwa niaba yako, huupokea, kisha hukuletea. Mwenye ukurasa humwona wakala tu, hakuoni wewe. Wakala hukuona wewe.

ASILI YAKE

Mtandao wa kurasa tunaoutumia leo ulibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, katika kituo cha sayansi cha CERN, karibu na mji wa Geneva, nchini Uswisi. Baada ya muda mfupi, ofisi kubwa zilianza kuzizungushia kompyuta zao ukuta wa ulinzi ili wageni wasiingie. Ukuta ule ulizuia wageni, lakini uliwazuia na wenyeji pia, wasiweze kutoka kwenda kutafuta habari. Mwaka 1994 mafundi walieleza dawa yake huko Geneva: iwepo kompyuta moja mlangoni, itoke kwa niaba ya wote waliomo ndani. Huyo ndiye wakala.

Wakala yule alipewa na kazi ya pili. Ukurasa ukishaletwa mara moja, aliweka nakala yake. Mtu wa pili akiuomba, alipewa nakala iliyo karibu, bila kungoja. Baadaye ikaja kazi ya tatu, ya ubawabu: ofisi au shule ilimwagiza wakala azifunge kurasa fulani zisifunguke.

MZIGO MKAVU NI MWEPESI

Sasa turudi kwetu. Miaka ile habari za mtandao zilitufikia kwa njia ya setilaiti, na gharama ilikuwa kubwa. Waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, na waya wa EASSy mwaka 2010. Hata hapo, mwenye simu ndogo aliendelea kuhesabu kila shilingi ya bando.

Wengi mnakumbuka ujumbe wa "setingi" uliotumwa na kampuni ya simu ulipotaka kutumia mtandao. Ulibonyeza kuhifadhi, basi. Mara nyingi ndani ya ujumbe ule mlikuwamo anwani ya wakala na namba ya mlango wake. Tulimpokea nyumbani bila kumwuliza jina.

Kisha likaja jambo jipya. Kila simu huja na kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia kurasa. Mwaka 2005 kampuni ya Opera ya nchini Norwei ilitengeneza kivinjari kingine, Opera Mini, na mwaka 2006 kikatolewa kwa dunia nzima. Mtu alikiweka mwenyewe katika simu yake, hata simu ndogo ya vitufe. Kilipendwa sana Afrika, na sababu yake ilikuwa wakala. Ukurasa ulifunguliwa kwanza katika kompyuta za kampuni hiyo, ukabanwa hadi kubaki pengine sehemu moja ya kumi, ndipo ukaletwa simuni. Mvuvi wa delta anaijua hesabu hiyo. Akikausha kamba wake kabla ya kuwapakia, mzigo huwa mwepesi na nauli hupungua.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Huwezi kukausha kilichomo kapuni bila kulifungua kapu. Kurasa nyingi za leo zina kufuli: wakala wa kawaida hujua umekwenda duka gani, ila haoni ulichonunua. Wakala anayebana kurasa kwa namna ile ya Opera Mini hana budi kuifungua kufuli hiyo katikati ya njia. Kampuni yenyewe ilieleza hivyo waziwazi.

Baadaye watu wasiojulikana walikichukua kivinjari kile wakakibadili, wakaongeza kisanduku cha kuandika anwani ya wakala mwingine. Nakala zilipita toka simu hadi simu, na sifa yake ilikuwa moja: mtandao wa bure. Aliyeandika neno lake la siri humo alilikabidhi kwa mwendesha kivuko asiyemjua.

WAKALA NA SHERIA

Wakala ana ndugu yake aitwaye VPN. Huyu hupitisha mambo yote ya simu katika bomba lililofungwa, mpaka kwenye kompyuta nyingine, mara nyingi ya nchi za nje. Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Wengi walikimbilia VPN, na kodi iliyopatikana ilikuwa chini sana ya ile iliyotazamiwa. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bando. Kwetu Tanzania, tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 mwezi huo, kwa kufuata kanuni za mwaka 2020. Basi, kabla ya kupita njia ya VPN, ulizia kwanza sheria inasemaje.

ADA YANGU YA UJINGA

Mimi mwenyewe nimelipa ada ya ujinga katika jambo hili. Nilikuwa katika semina mjini, na kijana mmoja akanisaidia kuandika anwani ya wakala wa ofisi ile katika kivinjari nilichokuwa nimekiweka simuni. Semina ikaisha, nikarudi Kibiti. Hapo hakuna ukurasa uliofunguka. Nikanunua bando, nikanunua tena. Fundi akaniambia simu ifutwe yote, pamoja na picha za watoto wangu.

Jioni ile mama mmoja wa darasani kwangu, aliyeanza kusoma akiwa na wajukuu, akaniuliza, "Mwalimu, na kile kivinjari kingine kinakataa pia?" Nikajaribu. Kikafunguka mara moja. Simu ilikuwa nzima, bando lilikuwapo. Ni ile anwani ya semina tu iliyobaki katika kivinjari kimoja. Nilikuwa nangoja kivuko cha Ndundu, na huku daraja lipo.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, fungua "Mipangilio", kisha Wi-Fi, ushikilie jina la mtandao unaoutumia, utafute maneno "seva mbadala". Kama hukuagizwa na ofisi yako kuweka kitu, pasomeke "Hakuna".

Pili, mipangilio ya data ya laini yako iache kama ilivyotoka kwa kampuni ya simu.

Tatu, kama una kivinjari cha pili, kitazame peke yake, kwa maana kinaweza kuwa na wakala wake. Kama kina sehemu ya kubana data, izime unapofungua mambo ya siri.

Nne, kivinjari ulichorushiwa na mtu usiyejua alikipata wapi, kifute. Huduma ya fedha unayoifungua kwa kubonyeza nyota na namba haipiti katika kivinjari, lakini namba yako ya siri usiiandike katika ukurasa wowote unaokuomba.

Ndugu zangu, wengi mlipoulizwa kwa nini mmekuja darasani, mlijibu kwamba mmechoka kusomewa barua. Aliyekusomea aliijua habari ya msiba kabla yako, akajua na fedha alizotuma mwanao. Wengine walisoma kwa uaminifu, wengine waliruka mstari. Wakala usiyemjua ni msomaji wa barua wa namna hiyo hiyo. Leo mnaweza kukisoma kile kisanduku kidogo kwa macho yenu wenyewe. Kisomeni.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Wakala wa mtandao anafananaje na mwendesha kivuko? Na anatofautiana naye wapi?
2. Kwa nini Opera Mini ilipendwa na watu wenye simu ndogo?
3. Kila mmoja afungue simu yake na kutafuta "seva mbadala". Mmekuta nini? Anayejua amwoneshe jirani yake, lakini asimshikie simu.