Shomoro na joho la mtawa

Wafaransa humwita shomoro moineau. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba jina hilo limetokana na moine, yaani mtawa, kwa kuwa manyoya ya kahawia ya ndege huyu yalifanana na joho la watawa. Yanavutia, na kamusi nyingi huyakubali. Lakini moine lenyewe, kupitia Kilatini, linarudi kwenye neno la Kigiriki la mtu anayeishi peke yake, na shomoro ni ndege wa makundi na kelele!

Wapo wataalamu wanaoshika njia nyingine. Kifaransa cha kale kilikuwa na moisson, shomoro, neno ambalo lahaja za Normandie zimelihifadhi. Wanalihusisha na musca, nzi kwa Kilatini, kwa udogo wa ndege huyu. Kwao, moineau ni mnyambuliko wa moisson uliofupishwa, na mtawa aliingia baadaye kwa mfanano wa sauti. Naegemea upande huu. Ushahidi wa lahaja za vijijini ni mzito.

Mitaani Paris shomoro ni piaf, na ndilo jina la jukwaani alilopewa mwimbaji Édith Gassion mwaka 1935.